Uangalizi wa Saa Ishirini na Nne

Nyumba ya Wageni,
Mwakingali, Voi.
Jioni ya kuamkia safari yako.

Kwa binti yangu Wakesho,

MINT: ILE SAA YA UKUTANI

Barua hii haitakuuliza hali, kwa sababu hali yako ninaisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Upo hatua thelathini kutoka hapa nilipoketi, ng'ambo ya kamba ya kuanikia nguo, unabishana na mama yako juu ya blanketi. Yeye anasema Nakuru kuna baridi kuliko Wundanyi. Wewe unasema sanduku halifungiki. Mambo ya blanketi, ya chakula cha njiani na ya kupiga simu ukifika ameshakuambia yote, nami sina la kuongeza. Nililo nalo ni jambo moja. Lina miaka miwili, na kwa miaka hiyo miwili umelibeba wewe bila kujua kwamba ni langu.

Utaona nimeandika MINT hapo juu, kama barua ya ofisi. Nilitaka kuifuta, nikaiacha. Mintarafu humlazimisha mwandishi kulitaja jambo kabla hajapata nafasi ya kulizunguka, na mimi, mwanangu, ni bingwa wa kuzunguka. Kwa hiyo nalitaja sasa, kabla sijaanza kulipamba.

Si mdomo wako uliomfichua Mwalimu. Ni mimi.

Nasema Mwalimu, na jina lake silitaji, kwa maana nimeshamtangaza kiasi cha kutosha. Wewe unamjua: yule mwalimu wa chekechea kutoka upande wa Kasigau, aliyepanga nyumba hii ya wageni kwa siku nne, na asubuhi ya siku ya tano mumewe akamkuta getini akirudi na maziwa. Tangu siku hiyo umeamini kwamba alijulikana alipo kwa sababu ulimwambia rafiki yako wa saluni kuwa una mgeni mwalimu, mpole, asiyetoka nje. Uliacha kwaya. Uliacha kupokea wageni. Mama yako alinieleza ulivyomwambia, "Mama, mdomo wangu ndio uliomuuza." Nilikuwa ninakunywa chai wakati huo, nikaendelea kunywa chai.

Mara mbili juma hili umeuliza kwa nini sahani yangu inaletwa huku nyumba ya wageni, na mama yako akakujibu, "Muulize mwenyewe." Hukuniuliza. Hiyo ni tabia uliyoipata kwangu, ya kuona jambo na kulipita, nami naomba uniachie hapa Voi usiende nayo Nakuru.

Ili uelewe mtu anavyofika mahali kama hapo, sina budi kurudi nyuma. Unajua niliishia darasa la saba kule Chawia, na kwamba nilikuwa tarishi katika ofisi moja ya Wundanyi. Ambalo sikukusimulia ni kwamba kila jioni, nilipokwenda kumwaga karatasi zilizotupwa, nilizichambua barua moja baada ya nyingine, nikazinyoosha nyumbani kwa pasi ya makaa na kuzikariri. Tafadhali rejelea barua yako. Ninayo heshima kukuarifu. Wenzangu walinicheka, mmoja alikuwa akinisalimu, "Habari yako, mheshimiwa takataka?" Lakini kazi ilipokwisha, ni mimi niliyeweka meza kwenye baraza la duka la fotokopi hapa Voi, na ni mimi waliyenifuata walipotaka kuandika kwa mkuu yeyote.

Barua yangu ya kwanza iliyoshinda ilikuwa ya wakulima wa Kasigau ambao ndovu walimaliza mahindi yao. Niliiandika mara saba, na kila mara niliipunguza. Mwisho ilibaki na aya nne. Ya kwanza ilianza na neno Waliingia. Ya pili, Walikula. Ya tatu, Walivunja. Ya nne, Tumebaki. Juma lile lile gari la serikali lilipanda barabara ile mbovu kwenda kutazama mashamba. Kwa hiyo ninajua barua inayoshinda inavyoandikwa. Inaonyesha kwa kidole. Lishike hilo, kwa kuwa litarudi.

Sasa nyumba hii. Ulisaidia kuipaka rangi, unaijua kila ufa. Tuliwajengea wapita njia: wanaoshuka treni kwenda mbugani, mafundi wa barabara, watu wanaokuja mazishi milimani na hawana jamaa wa kuwalaza. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, ukawa ndiwe mwenyeji. Namba iliyokuwa mtandaoni ni yako, wageni walikusifu wewe, na wengi wao hawakujua kwamba yupo baba. Kisha yule mgeni wa kwanza mbaya akaondoka na televisheni akiwa ameifunga ndani ya shuka letu wenyewe. Mama yako alililia shuka kuliko televisheni. Mimi niliweka kamera getini, na hiyo unaijua, ulinishikia ngazi.

Ya pili huijui. Fundi aliyeniuzia alinicheka kwanza, akasema, "Mzee, ya getini itakuonyesha mwizi akiondoka. Chukua hii. Hii, mwizi mwenyewe ataiuliza saa ngapi."

Ni ile saa nyeupe, Wakesho. Ile iliyokuwa ukutani juu ya televisheni mpya, iliyosimama saa kumi na dakika kumi. Mara tatu uliniletea betri. Mara ya tatu ulikwisha kupanda kwenye stuli, nami nikakukemea, nikakuambia ile saa ni kumbukumbu ya bibi yako, iachwe ilivyo. Bibi yako hakuwahi kumiliki saa maishani mwake. Palipostahili kuwa na betri palikuwa na jicho, na jicho hilo lilileta sebule nzima, pamoja na sauti yake, ndani ya simu yangu.

Nilikuwa nimesikia kwamba mgeni lazima aambiwe. Sikutaka kumwambia, na sikutaka kuvunja sheria. Basi nikakaa siku mbili nikitunga tangazo, nikalitia fremu, ukalitundika wewe mwenyewe karibu na mlango: NYUMBA HII IPO CHINI YA UANGALIZI WA SAA ISHIRINI NA NNE KWA USALAMA NA UTULIVU WA MGENI WETU MTUKUFU. Niliridhika nalo kupita kiasi. Neno kamera nililiepuka kwa makusudi. Kamera ni neno analolielewa hata mtoto wa chekechea, na hiyo ndiyo iliyokuwa kasoro yake. Uangalizi ni neno pana. Muuguzi ana uangalizi, yaya ana uangalizi, Mungu ana uangalizi.

Unamkumbuka yule mgeni wa Machakos aliyekupigia simu saa nne ya asubuhi kuuliza chai ya uangalizi italetwa saa ngapi? Ulicheka hadi ukakaa chini. Nami nilicheka, na nilipokuwa ninacheka nilijua kwamba tangazo langu linafanya kazi niliyoitaka. Lilisema bila kuambia. Hata neno saa lilinitumikia: kila aliyesoma alihesabu saa za mchana na za usiku, na hakuna aliyeinua macho kutazama saa yenyewe.

Mwalimu alifika Jumapili alasiri na begi moja la shule. Ulimpa funguo, ukamwonyesha tangi la maji na jiko la gesi. Jioni ile, tukiwa mezani, ulitusimulia swali lake kwa sababu lilikushangaza. Alikuuliza, "Dada, humu ndani kuna kamera?" Ukamjibu, "Hakuna, Mwalimu. Iko moja tu hapo getini, ya wezi." Naye akasema, "Asante. Basi nitalala."

Ulisimulia hayo nikiwa na tonge mkononi. Ningeweza kusema wakati huo. Ningeweza kuvuka uwanja, nikapiga hodi na kuitoa ile saa mbele yake. Lisingechukua hata dakika tano. Badala yake nilikusahihisha lugha. Nilikuambia si "iko moja", ni "ipo moja". Mama yako akasema, "Mwache mtoto ale." Nikaridhika kwamba nimelinda Kiswahili sanifu.

Kwa siku nne nilimtazama. Sikutazama kwa tamaa ya mwili. Utetezi huo ni wa kweli, na haunisaidii chochote. Nilitazama kama mtu anavyofunua sufuria ya jirani. Alikula akiwa amesimama. Kiti hiki cha kijani alikivuta hadi mlangoni, akalala akiwa amekikalia, kitanda kipo chumbani. Alisali kwa Kidawida, kwa sauti ndogo. Na alikuwa na mazoezi: alishika simu iliyozimwa, akasema, "Sirudi." Kisha akasema tena kwa sauti nyingine, na tena, kama mtoto anayekariri somo la kesho. Nilijua, Wakesho. Mtu mwenye macho na masikio hangeweza kutojua huyo alikuwa mgeni wa namna gani.

Jumatano mwanamume mmoja akaja mezani kwangu pale kwenye baraza. Alivaa shati safi, akavua kofia kabla ya kuketi. Alisema ana duka la vipuri vya malori kule Maungu, na kwamba kila aliyemuuliza amemwambia Voi nzima hakuna anayeandika kama mimi. Alitaka barua kwa chifu kuhusu mke aliyetoweka. Alilia, na machozi yalikuwa machozi. Kisha akaweka simu yake mezani. Palikuwa na picha ya harusi, na katika picha alikuwamo mgeni wetu.

Nimekuwa mzee wa kanisa miaka kumi na mitano, na nimepatanisha ndoa zaidi ya moja. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba hiyo ndiyo sababu. Sababu ya kweli ni ndogo kuliko hiyo, na inaniaibisha zaidi. Mtu alikuwa amekuja na swali lililowashinda watu wote, na jibu lake lilikuwa mfukoni mwangu. Sikuweza kulinyamazia. Nilifungua simu, nikamgeuzia.

"Ndiye huyu?"

Alitazama kwa muda. Niliona machozi yakikauka usoni mwake kabla hajanijibu. Niliyaona yakikauka, Wakesho, na sikuirudisha simu.

"Ndiye, Mzee," akasema. "Umefanya kazi ya Mungu."

Nikamchorea njia ya kufika kwenye kipande cha karatasi. Niliandika "geti la bluu" kwa mwandiko wangu mzuri, nikalipigia mstari kwa rula.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, kwa maana ni wewe uliyesikia kelele, ukatoka na kukuta pakiti ya maziwa imepasuka getini na vumbi la gari barabarani. Kule Maungu mkono wake wa kulia ulivunjwa mahali pawili, na sikio la kushoto halijasikia tena. Kesi ilifunguliwa, wazee wa pande mbili wakaketi, kesi ikaondolewa. Yeye alikataa kurudiana, akaenda kwa mama yake Kasigau. Mwanamume bado anauza vipuri.

Asubuhi ile, ulipokuwa umekwenda na mama yako kuripoti, niliingia humu nikaitoa saa. Kadi ndogo iliyotunza picha niliibakiza, sijui kwa nini. Saa yenyewe niliitumbukiza chooni. Jioni uliniuliza saa ya bibi iko wapi, nikasema imeanguka. Sikukusahihisha ulipotumia neno "iko".

Ningeweza kukuambia kwamba mabaya yangu yaliishia hapo, na rasimu ya barua hii niliyoichana jana iliishia hapo. Lakini baada ya miezi mitatu Mwalimu alikuja mezani kwangu.

Alikuja kama walivyokuja wengine, kwa sifa zangu. Hakuwahi kuniona. Alinipa shikamoo ya mtu asiyemfahamu, nami nilimfahamu hata namna anavyokunja leso kabla ya kuketi. Alisogeza kiti ili sikio la kulia lielekee upande wangu. Akaeleza. Alisema kwamba mumewe, alipokuwa anampiga, alimwambia, "Nilikuona umekalia kiti cha kijani, unajifanya malkia." Hivyo ndivyo alivyojua kuwa palikuwa na jicho ndani ya ile nyumba. Alitaka kuishtaki kwa ile ofisi ya Nairobi inayoshughulikia siri za watu. Mwenye nyumba hakumjua. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtaalamu, kama anamshuku msichana aliyempokea.

"Yule hapana," akasema. "Yule alikuwa hajui. Mtu anayekudanganya hakuonyeshi mpaka mahali pa kuweka ndoo."

Soma sentensi hiyo tena, mwanangu. Ni yako. Nilipaswa kukufikishia siku ile ile. Nimeikalia hadi leo.

Kisha akaniambia, "Mzee, tafadhali, usiiwekee maua. Andika tu kulikuwa na kamera sebuleni na sikuambiwa. Basi."

"Mwalimu," nikasema, "ofisi zina lugha yake."

"Haya. Wewe ndiye unayejua."

Niliandika kurasa mbili. Nakala ninayo hapa. Inaiomba kwa unyenyekevu ofisi tukufu itafakari uwezekano wa kuwapo kwa mapungufu fulani katika utaratibu wa uangalizi wa makazi husika, na athari ambazo huenda zikawa zimejitokeza. Neno kamera halimo. Sebule haimo. Mtaa haumo. Nilimsomea yote kwa sauti. Alisikiliza akiwa amegeuza kichwa, akasema, "Ni nzuri. Sijaelewa yote, lakini ni nzuri." Akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, polepole, kama anavyowafundisha watoto.

Jibu lilikuja kwa sanduku langu la posta. Malalamiko hayakubainisha kosa lolote, faili limefungwa. Alipokuja nikamsomea. Akaniomba radhi kwa kunichosha.

"Labda ni mimi sikueleza vizuri," akasema.

Barua nyingi nilizoandika zimeshindwa, kwa kuwa wakubwa hawasomi. Ile pekee niliiandika ili ishindwe. Mtu aliyeijua aya ya Waliingia na aya ya Walikula hawezi kusema kwamba alikosa maneno.

Sasa utauliza kwa nini nimesema leo baada ya kunyamaza miaka miwili. Ni kwa sababu ya kazi yako mpya. Mama yako alifurahi ulipoipata. Mimi niliwasikia jikoni, ni juma la tatu sasa, akikuuliza kwa nini umeichagua kazi ya kupanga maboksi ya dawa katika ghala, wewe uliyeweza kumchekesha hata mgeni aliyekuja kuzika. Ukamjibu, "Huko hakuna mtu wa kuongea naye, Mama. Sitamtaja mtu tena." Ulisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja saizi ya viatu.

Nilimweleza mama yako siku ya pili yake. Alikuwa anachambua mchicha. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza aliniuliza swali moja: "Na mtoto? Miaka miwili umekuwa ukimwangalia tu?" Halafu akasema, "Nenda ukalale kwa wageni." Ndiyo sababu sahani yangu inavuka uwanja.

Juma lililopita, niliposema ninakwenda Maungu, nilikwenda Kasigau. Mwalimu nilimkuta shambani kwa mama yake, anafunga makopo kwenye waya ili ndovu wakigusa yapige kelele. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama, kwa maana hakunikaribisha kuketi, na alifanya vyema. Nilimpa ile kadi ndogo. Ni mali yake. Aliifunga kwenye ncha ya leso, akalikaza fundo kwa meno.

Akaniuliza, "Ulinisikia nikisali?"

"Nilisikia."

"Na yale ya simu?"

"Niliyasikia."

Akashika kopo jingine, akalitoboa. "Basi wewe peke yako ulinisikia," akasema. "Na hukuja."

Kwa mara ya kwanza maishani sikutafuta neno. Aliendelea na makopo. Nilidhani amenimaliza, nikageuka niondoke, akaniita. Aliuliza kama yule msichana wa funguo ameambiwa. Nikasema bado. Alisema umekuwa ukimwandikia ujumbe kila Krismasi ukiomba msamaha, naye alidhani ni adabu tu ya mwenyeji. "Kumbe mtoto ana mzigo," akasema. "Nenda ukamwambie. Mimi usiniombe kitu."

Sikumwomba. Nawe sikuombi. Nilimwuliza tu kama yupo radhi niandike upya, akasema andika, lakini mara hii nataka kuona. Niliandika pale pale, juu ya ndoo iliyopinduliwa, naye amesimama nyuma yangu. Nakala yake nimeiambatisha. Utaona haijazi hata nusu ya ukurasa:

Niliweka kamera ndani ya saa sebuleni mwa nyumba yangu ya wageni. Mgeni aliambiwa hakuna, nami nilijua ipo. Nilimtazama siku nne. Nilimwonyesha mumewe na kumchorea njia. Malalamiko yake ya kwanza niliyaandika mimi, nikayaharibu.

Chini yake kuna jina langu, namba ya kitambulisho na mtaa. Niliituma Jumatatu kwa posta ya rejista, na uzee wa kanisa nimeurudisha kwa mchungaji siku hiyo hiyo. Sijui ofisi itafanya nini. Huenda nikaitwa mahakamani. Huenda mwanamume wa Maungu naye akaitwa, safari hii wazee wasiweze kukaa. Huenda faili likakaa tu. Hilo si tena la kalamu yangu.

Lakini wewe pia wanaweza kukupigia simu huko Nakuru. Wakikupigia, usinikinge. Watakuuliza kama ulimwambia mgeni hakuna kamera. Sema ndiyo, nilimwambia. Watauliza kama ulijua ipo. Sema sikujua, baba yangu alinisikia nikisimulia, akanisahihisha neno moja. Litaje neno lenyewe. "Iko moja" au "ipo moja", yote mawili yalikuwa uongo, na uongo ulikuwa wangu. Maneno yako yalikuwa safi kadiri ulivyojua, na mwenye haki ya kukulaumu hakukulaumu hata siku moja.

Kama unataka Nakuru, nenda Nakuru. Kama ulikuwa unakwenda kujifungia na maboksi kwa sababu unauogopa mdomo wako, basi ujue kwamba mdomo huo haujamdhuru mtu. Ulimwonyesha mgeni mahali pa kuweka ndoo. Mimi ndiye niliyepaswa kukaa miongoni mwa maboksi. Na ukinisikia tena, katika simu au katika barua, nikitafuta neno zuri la kitu ambacho kina jina lake, nikatize.

Nilikusudia usome haya ukiwa ndani ya treni, Voi ikiwa nyuma. Nilimwambia mama yako ayatie chini ya nguo. Amekataa. Amesema, "Mpe akiwa bado hapa, aweze kukuangalia."

Basi atakupa sasa, akimaliza mambo ya blanketi. Fremu ya tangazo nimeitoa ukutani. Msumari wa saa bado upo, nami nimekiweka kiti cha kijani chini yake, mahali ambapo jicho lile lilikuwa linaona vizuri zaidi. Mlango upo wazi na taa inawaka. Sitakuja huko kwenu, wala sitakuita. Ukiona vema kuja, njoo uniangalie. Usipokuja, treni ikiondoka utakuwa umekwenda bila mzigo usio wako, nami nitaendelea kuketi hapa.

Nimezoea kumaliza barua kwa kusema mimi ni mtiifu wa fulani. Leo nasema nilivyo.

Aliyeitundika saa,

Baba yako.